Kifungua mimba na kitinda mimba: nipime vipi tofauti ya tabia na elimu?

Mdodosaji: Wakuu, habari. Naandaa utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu nafasi ya kuzaliwa. Nagawa dodoso kwa wanafunzi 120 wa kidato cha tatu, nawapanga vifungua mimba, wa kati na vitinda mimba, halafu nalinganisha tabia na alama. Msimamizi anasema mpango una tundu, hakufafanua. Liko wapi?

Hesabu Kwanza: Matundu ni mawili, mkuu, na la kwanza peke yake linaizamisha kazi. Unalinganisha watoto wa nyumba tofauti. Kifungua mimba yupo kila nyumba yenye mtoto. Mtoto wa sita yupo kwenye nyumba zenye watoto sita na kuendelea tu. Chukua nyumba mbili: moja ina watoto wawili, wote wamepata 70, nyingine ina sita, wote 50. Ndani ya kila nyumba hakuna tofauti hata ya alama moja. Ukipanga kwa nafasi, vifungua mimba wanatoka na wastani wa 60, na kuanzia wa tatu hadi wa sita ni 50. Utaandika kuwa wakubwa wana akili zaidi, kumbe umepima ukubwa wa familia. Linganisha ndugu wa nyumba moja. Ukishindwa, basi angalau nyumba zenye idadi sawa ya watoto.

La pili ni idadi. Mtafiti Rohrer na wenzake mwaka 2015 walichambua watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Kwenye uchangamfu, upole, bidii na utulivu wa hisia, nafasi ya kuzaliwa haikuonyesha kitu. Kwenye vipimo vya akili walikuta pungufu ya kama pointi 1.5 kwa kila nafasi, na hiyo ni mizani ambayo theluthi mbili ya watu wako kati ya 85 na 115. Tofauti ndogo hivyo, ukilinganisha makundi mawili ya watu wasio ndugu, inadai takriban watu 1,600 kila kundi. Hao 120 wako hata usiwasumbue.

Bi Malezi: Kuna na mtego wa umri. Muulize mzazi yupi anajituma, atamtaja wa miaka 16 na kumwacha wa miaka 10. Ni ukubwa tu huo. Ndiyo maana nadharia ya mwanasaikolojia Adler, kwamba mkubwa hung'olewa kitini mdogo wake anapozaliwa na tabia ikajengeka hapo, kila mzazi anaiona imethibitika nyumbani kwake. Tabia ikadiriwe na mtu asiyejua nafasi ya mtoto, na ndugu wapimwe wakiwa na umri uleule.

Weka pia safu mbili: nafasi ya kuzaliwa na nafasi ya malezi, yaani alilelewa kama mtoto wa ngapi. Utafiti wa vijana wa jeshi Norway, uliotoka 2007, ulionyesha kuwa mtoto wa pili ambaye mkubwa wake alifariki mapema alipata alama za vipimo vya akili kama za kifungua mimba. Kwa hiyo tumbo halihusiki, ni malezi. Kwetu kuna watoto wa mama tofauti na waliolelewa kwa bibi. Safu moja haitawabeba.

Mdodosaji: Nimeelewa, asanteni. Na nikiacha tabia, nikafuata miaka ya shule tu?

Hesabu Kwanza: Afadhali. Chukua ndugu wenye miaka 25 na zaidi, la sivyo kitinda mimba ataonekana kasoma kidogo kwa sababu bado yuko darasani. Andika mwaka wa kuingia kidato cha kwanza: ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye sekondari za serikali Tanzania ilifutwa 2016, hivyo aliyeingia 2012 na mdogo wake wa 2017 hawakukutana na mlango mmoja.

Wala usitegemee mwelekeo wa Norway, wa wakubwa kuwa mbele. Ecuador ilikutwa kinyume: wakubwa ndio waliobaki nyuma kimasomo. Nyumba ikiwa haina kitu, mkubwa huachishwa shule akatafute. Ongeza swali moja: ada ya huyu ililipwa na nani? Jibu likiwa "kaka" au "dada", uliza na huyo aliyelipa aliishia darasa la ngapi.