Mnasema mfumuko umeshuka, mbona bili ya nyumbani haishuki? Nimechoka

Wakuu mnisamehe nitaandika ndefu maana nina hasira kweli. Kila taarifa ya habari kuna mtaalamu anakuja kusema hali imetulia, mfumuko wa bei umeshuka, wananchi wataanza kuona nafuu. Nafuu iko wapi? Umeme haujashuka, gesi haijashuka, kodi ya nyumba imepanda, nauli imepanda, mshahara uko palepale. Watu wanakopa kulipa bili ya mwezi uliopita halafu wanaambiwa mambo yanaenda vizuri.

Tuwekane sawa kwenye hesabu kwanza maana hapa ndo wengi tunapigwa. Mfumuko ukishuka bei haijashuka, imepunguza spidi ya kupanda basi. Chukua Marekani, Juni 2022 mfumuko ulifika 9.1%, Juni 2023 ukawa 3% na ikasemwa tatizo linaisha. Haya piga mwenyewe, kitu cha 100 kikawa 109.1, halafu juu ya hiyo 109.1 ikaja tena 3%, unafika kama 112.4. Mwenye kipato cha 100 ambacho hakijaguswa kapata nafuu gani? Kilichopanda kimebaki humohumo ndani ya bei, kila mwaka kinabebeshwa kingine.

Kinachoniuma zaidi ni bei kupanda siku moja na kushuka kwa miezi, tena ikishuka inashuka kidogo. Wachumi wameifuatilia hii kitu kwenye petroli miaka na miaka, sio stori za kijiweni. Urusi ilivyoivamia Ukraine Februari 2022, kabla ya wiki tatu kuisha pipa la mafuta ghafi ya Brent, yale ambayo bei yake ndo kipimo cha soko la dunia, lilishapita dola 130 na bei za pampu zikapaa nchi nyingi. Desemba mwaka huohuo pipa likawa chini ya dola 80. Nauli zilirudi? Kila mtu alishapandisha kwa sababu ya mafuta, mafuta yakashuka wote kimya! Mwenye duka simlaumu sana maana na yeye analipa umeme wa friji na kodi ya fremu. Ninaowalaumu ni wakubwa. Mwaka huo wa 2022 kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ilitangaza faida ya zaidi ya dola bilioni 55, Shell nayo ya mafuta karibu bilioni 40, rekodi kwa kampuni zote mbili. Mpaka António Guterres, Katibu Mkuu wa UN, Agosti 2022 alisema waziwazi faida za namna hiyo ni kinyume cha maadili na akazitaka serikali zizitoze kodi hela iende kwa wanyonge. Kwa hiyo hela haikupotea jamani, ilitoka majumbani kwetu ikaenda sehemu inayojulikana.

Na msiniambie mafuta na gesi ni shida ya wenye magari. Gesi asilia ndo inatengeneza amonia, amonia ndo mbolea ya naitrojeni, mbolea ikipanda gharama ya shamba inapanda, dizeli ya trekta inapanda, dizeli ya lori inapanda, umeme wa kinu unapanda, vyote vinakuja kulala kwenye sahani yako. Machi 2022 fahirisi ya FAO (shirika la chakula na kilimo la UN), yaani kipimo chao cha bei za vyakula duniani, ilifika juu kuliko wakati wowote tangu ianze mwaka 1990. Mtu ambaye hana hata baiskeli alilipia ile vita kila alipokaa kula.

Halafu yanakuja mashauri. Zima taa, chomoa chaja. Hivi hawa watu wameshawahi kupiga hesabu ya bili? Taa ya LED ya wati 9 inabidi iwake zaidi ya masaa 440 ndo ifikishe uniti 4. Jiko la umeme la wati 2000 linakula uniti 4 kwa masaa mawili ya kupika. Nyumba ya kipato cha chini taa zilishazimwa zamani, kilichobaki cha kupunguza ni kupika kwenyewe, maji ya moto ya mgonjwa, na sehemu za baridi ni joto la kulala watoto. Na ndicho kinachopunguzwa, watu wanaruka mlo wala hawasemi. Tena ukiwa na hela kidogo unanunua kidogo kidogo, na kidogo kidogo siku zote ndo ghali, mtungi mdogo, dumu dogo, kipimo kidogo. Na kuna nyumba zinakatwa tozo ya kila mwezi hata usipowasha kitu, mwenye nyumba ya chumba kimoja analipa sawa na mwenye ghorofa. Hii ndo inanitoa machozi kabisa.

Wengine ndo hivyo wanarudi kwenye kuni na mkaa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilionya 2022 kwamba karibu watu milioni 75 waliopata umeme miaka ya karibuni huenda wakashindwa kuulipia, na karibu milioni 100 wakaacha kupikia nishati safi. WHO, Shirika la Afya Duniani, inakadiria moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaokaa karibu na moshi huo mnawajua ni kina nani, ni mama na mtoto aliye mgongoni.

Sasa kama humu kuna mtu wa mamlaka yoyote ya kupanga bei naomba anijibu. Gharama ya kuzalisha ikishuka, nani anahakikisha bei imeshuka mpaka kwa mlaji wa mwisho, ndani ya muda gani, na isiposhuka anaadhibiwa nani? Na kwa nini bili isioneshe mstari kwa mstari hela yangu imegawanywaje, nishati kiasi gani, usafirishaji kiasi gani, kodi kiasi gani, faida kiasi gani? Msije na "uchumi wa dunia", hiyo tumeisikia. Nataka utaratibu na nataka jina la ofisi inayohusika.