Kiwanja chetu Umoja: tuzungushe ukuta au tuweke viti?

Baba Shiru
Hamjambo wadau. Katikati ya nyumba zetu huku Umoja kuna kiwanja, kama nusu ya uwanja wa mpira. Tumechanga shilingi 180,000 na sasa tumegawanyika. Mwenyekiti na wenzake wanataka ukuta, geti la chuma na kabro waegeshe magari. Mimi na majirani wachache tunataka mahali pa kukaa. Jumapili niliketi kibarazani nikaangalia nani hasa anakitumia. Wazee wanne walikuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda, kreti ndiyo meza, kreti ndizo viti, chini ya mjakaranda ulioinama. Jua likisogea, wanahamisha kreti. Watoto wako kwenye vumbi na mpira wao wa karatasi. Akina mama wanapita tu. Nilimuuliza mmoja mbona hakai, akanicheka: "Nikae wapi, Baba Shiru, juu ya mawe?" Aliyewahi kufanya kitu kama hiki aniambie tuanzie wapi.

Mkaazi wa Zamani
Anzeni na hati. Hicho kiwanja ni cha nani? Bustani ya Jeevanjee pale mjini Nairobi ilitolewa na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee mwaka 1906 iwe ya watu wa Nairobi, na bado mwaka 1991 kulikuwa na waliotaka kuijenga. Ilibidi mjukuu wake, Zarina Patel, na Wangari Maathai wapige kelele mpaka mpango ukafa. Ninyi mtapigiwa kelele na nani? Mtaa niliokulia ulikuwa na bembea mbili. Tulirudi kutoka ushago Januari moja tukakuta mabati.

Mama Wawili
Pole na kazi, Baba Shiru. Hebu niulize: kuna taa? Kwetu mulika mwizi ipo, lakini inamulika barabara na benchi liko gizani, kwa hivyo saa moja jioni linakaliwa na watu ambao sitaki binti yangu apite karibu nao. Na choo je? Mtoto wa miaka minne hamalizi nusu saa. Halafu benchi lenyewe, tafadhali, lisielekee ukutani. Mimi nitakaa pale ambapo namwona mtoto na naona mlango wangu bila kugeuza shingo.

Fundi wa Kibra
Huku Kibera, kando ya Mto Ngong, kuna viwanja ambavyo wakazi walijenga pamoja na shirika la Kounkuey. Si bustani za kupigia picha. Kuna choo, maji, mahali pa kufulia, banda la mikutano, na vikundi vya wakazi ndivyo vinavyosimamia. Mtu anakuja na beseni lake kufua, anajikuta amebaki kupiga domo. Kwa hivyo wekeni kitu ambacho mtu atakifuata hata kama hapendi majirani zake.

Lingine: msikimbilie zege. Kuna Mmarekani, William Whyte, miaka ya 1970 alirekodi filamu za watu wakikaa kwenye viwanja vya New York. Aliona mtu hupenda kiti anachoweza kukisogeza, hata akikisogeza kidogo tu kabla ya kukaa. Wazee wako walishajua hayo na kreti zao.

Baba Shiru
Asanteni sana. Hati naifuatilia wiki hii, na taa nimeiandika ya kwanza kwenye orodha. Mzee wa Kibra, Jumamosi nilijaribu maneno yako: nikaazima viti kumi vya plastiki kutoka kwa chama cha akina mama, nikavimwaga katikati bila kuvipanga, nikarudi kibarazani. Kufikia saa kumi na moja, vinne vilikuwa chini ya mjakaranda na vitatu karibu na bomba, akina mama wamevikalia. Kimoja kilikuwa na mwenyekiti mwenyewe, kando ya gari lake, amevua viatu.

Viwili sijaviona mpaka leo.