Kamani ya saa ya Ansonia imekatika: itengenezwe au ibadilishwe?

MwenyeSaa: Salaam, wanajukwaa. Nina saa ya ukutani ya Ansonia, ya siku 8 (hutembea siku nane ikijazwa mara moja), ambayo kamani yake (utepe wa chuma uliozungushwa unaosukuma mashine) ya upande wa kengele imekatika karibu na ncha ya ndani na kupinda meno mawili ya gurudumu. Fundi mmoja amenishauri nitoe mashine yote na kuweka ya betri. Je, inaweza kuokolewa?

FundiPwani: Inaweza, na ushauri huo usiukubali, maana utabaki na sanduku tu. Kamani iliyokatika karibu na ncha hupunguzwa, ncha pekee ikalainishwa kwa moto na kutobolewa tundu jipya. Ikiwa imekatika katikati, tafuta mpya baada ya kupima upana, unene na urefu wa ile ya zamani, kwa sababu kamani nene kupita kiasi husukuma magurudumu kwa nguvu na kuyala matundu ya ekseli. Kabla ya kufungua mashine, legeza polepole kamani ya upande wa pili. Ikifyatuka, hukata vidole.

MzeeWaMajira: Naafikiana na ndugu FundiPwani. Kiwanda cha Ansonia cha Brooklyn, Marekani, kiliuza mitambo yake kwa Wasovieti mwaka 1929, hivyo vipuri vya asili hutoka katika saa nyingine kuukuu. Meno ya shaba yaliyopinda bila ufa hunyooshwa taratibu. Yenye ufa hukatwa, kikachomekwa kipande kipya cha shaba na kupigwa tupa hadi kilingane na mengine.

MwenyeSaa: Ahsanteni. Ufa upo kwenye jino moja; nitamtafuta fundi wa kulichomekea.