Kazi ya Leta (serikali) hapa Lubumbashi: mshahara, primu (posho) na saa za kazi. Tupeane uzoefu

Mwana_Katuba

Wandugu, salamu kwenu.

Mdogo wangu amemaliza lisansi yake ya chuo kikuu hapa mjini, na shangazi yetu amemtafutia nafasi katika komini moja, yaani ofisi ya sehemu ya mji. Jibu limekuja: aingie, ila kwa kuanzia hakuna mshahara mpaka matrikule (namba ya mtumishi) itoke. Mama anafurahi tangu Jumapili, kwake kazi ya Leta ni kazi ya Leta. Baba amenyamaza. Mimi nauza vipuri vya gari, sijawahi kusaini daftari la mahudhurio maishani, kwa hiyo nikisema neno nyumbani wananiambia nirudi kwa fani-belti zangu.

Nyinyi mnaotumika kwa serikali kuu, kwa jimbo, kwa mji au kwa komini, niambieni: mnapata nini kweli, kinatoka mfuko gani, mnaingia na kutoka saa ngapi? Msitaje ofisi wala mkubwa yeyote, na siasa tuziweke kando. Nataka kujua gunia la unga linanunuliwa na nini.

Dada_wa_Kenya

Miye ni wa Kenya ya hapa Lubumbashi, hapana ile inchi. Natumika ku biro ya etat sivili, kule wanaandikisha watoto na ndoa, komini yenyewe sitaitaja. Asubuyi tunafikaka saa moja na nusu. Bendera inapanda, tunaimba, kisha kila mutu anaenda ku meza yake. Ku karatasi tunatoka saa tisa na nusu. Ku kweli, saa saba biro iko tupu. Tunabakia miye na ule mwenye kuchunga muhuri, juu bila muhuri hapana feza.

Mushahara ya Leta sina. Niko N.U. tangu 2017. Kile tunapataka ni kidogo yenye shefu anagawanya Ijumaa mu bahasha, tena bahasha ni ile moja, anairudisha mu drowa. Kuandikisha mtoto mbele ya siku 90 ni bure, sheria inasema vile. Ukimwambia baba wa mtoto "ni bure" anakuangalia vibaya, anafikiri unataka matabishi (feza ya chai) ya mingi. Kwa hiyo siku zingine anaacha yeye mwenyewe, nasi hatukatae.

Unga? Ni ya vitumbua. Nauzisha asubuyi mbele ya bendera.

Mwana_Katuba

Dada asante, na pole. N.U. ni kitu gani? Mdogo wangu ameandikiwa hivyohivyo kwenye karatasi.

Ticha_Ruashi

Nimjibu, maana nimepanda ngazi hiyo yote.

N.U. ni "unite mpya": umepewa kazi na mkubwa wa mahali, una barua, unafundisha, lakini Kinshasa hawakujui. Ukipata matrikule unakuwa N.P., yaani wanakujua ila hawakulipi. Jina lako likiingia kwenye listingi ya malipo, hapo ndipo watu wanasema umemekanizwa na unalipwa, na unaweza kumnunulia mkeo kitenge. Kutoka hatua ya kwanza mpaka ya tatu, wengine miaka miwili, wengine kumi. Nina mwenzangu aliyezeekea kwenye N.P., ubao wake ni msafi kuliko wangu.

Mimi nalipwa. Elfu mia tatu na kitu, franka. Msishangae, shangaeni kitu kingine: nalipwa franka, lakini mwenye nyumba anataka dola. Mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa karibu franka 930. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imepita 2500. Mshahara uliongezwa kidogo hapa na pale, sisemi haukuongezwa, ila ulikuwa unamkimbilia mtu aliyepanda manseba (teksi ya pikipiki).

Halafu kuna 2019. Kabla ya hapo wazazi walitulipa primu, kila mwezi, pale shuleni. Septemba 2019 elimu ya msingi ikawa bure. Kwa watoto ni jambo jema, nalisema mbele ya yeyote: darasa langu liliingia watoto waliokuwa wanauza maji barabarani. Lakini ile primu ilikatika palepale, na ile ya Leta ya kuijaza ilikuja polepole, tena si kwa wote. Darasa lilikuwa la watoto 50, likapita 90. Saa zangu kwa karatasi ni za asubuhi tu, saa moja na nusu mpaka saa sita na nusu. Madaftari 90 yanasahihishwa saa ngapi? Hakuna anayeuliza.

Tarehe ya kulipwa haipo. Kuna mlio wa simu. Mtu mmoja akiupata kwenye chumba cha walimu, wote tunatoa simu zetu, na mkurugenzi anajifanya hakuona. Ikichelewa sana, kuna bank Lambert. Kwa wasio wa huku, hiyo si benki, ni mtu wa mtaani: anakupa 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150, na kadi yako ya benki inalala kwake. Najua walimu ambao hawajashika kadi zao tangu mwaka jana.

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi, hospitali ya Leta, mjini.

Tunaingia zamu ya usiku saa kumi na moja jioni, tunatoka saa moja asubuhi ikiwa mwenzako amefika. Hafiki, kwa sababu anatokea klinike ya mtu binafsi alikolala zamu nyingine. Nami simlaumu, maana nikitoka hapa naenda ya kwangu.

Pesa zetu zina vyanzo vitatu, na mdogo wako akumbuke hili popote atakapoingia. Kuna mshahara wa Leta. Kuna primu ya hatari, pia ya Leta, na unaweza kupata mmoja bila mwingine: nina wenzangu wenye primu bila mshahara, na wengine wenye mshahara bila primu, wote wanasukuma kitanda kimoja. Tatu kuna primu ya mahali, inayotoka kwa yale wanayolipa wagonjwa. Hiyo ya tatu ndiyo inayopanga ratiba yetu. Mwezi wa wagonjwa wengi, wote tupo. Mwezi mkavu, usiku unakuta wauguzi wawili kwa wodi mbili na tochi ya simu.

Kuna mtu aliniambia niende kudai saa za ziada, kwamba sheria ya kazi inasema saa 45 kwa wiki. Ndiyo, sheria ya kazi ya 2002 inasema hivyo, lakini ni ya makampuni na watu wa mkataba. Sisi wa kazi ya kudumu ya Leta tuna sheria yetu, ya Julai 2016. Saa za ziada zangu mimi ni chai ya ndugu wa mgonjwa.

Mapato_Kidogo

Nitakuwa mfupi. Niko ofisi ya kukusanya mapato. Mshahara ni uleule mdogo, lakini primu inafuata kiasi tunachoingiza, na primu ya robo mwaka nzuri inapita mshahara wa miezi kadhaa. Tunatoka saa mbili usiku na hakuna anayenung'unika. Jumamosi tupo. Mwambie yeyote anayesema watu wa Leta ni wavivu, apite kwetu mwisho wa mwezi.

Dada_wa_Kenya

Njo vile. Kwetu saa saba, kwao saa mbili ya usiku, na bendera ni ile moja.

Mzee_Kamalondo

Wanangu, niliingia 1984 nikiwa plantoni (tarishi), jimbo likiitwa Shaba. Nimelipwa kwa zaire, nikalipwa kwa zaire mpya ya 1993, nikalipwa kwa franka tangu 1998. Jimbo likawa Katanga, mwaka 2015 likakatwa vipande vinne na sisi tukabaki Haut-Katanga. Nimepanda mpaka shefu wa biro. Korido ni ileile, hata ile tundu kwenye sakafu karibu na mlango wa choo, tunairuka bila kuangalia.

Msikieni huyu mzee kwa habari ya barua na ahadi. Februari 2004 sindika (vyama vya wafanyakazi) na serikali walisaini mapatano kule Mbudi, Kinshasa. Ngazi ya mishahara ya mwezi ilikuwa safi: plantoni dola 208, sekreteri jenerali dola 2080, wa juu mara kumi ya wa chini, basi. Tulikunywa munkoyo siku hiyo hapa Kamalondo. Mimi si plantoni tena, na hiyo 208 bado sijaishika kwa mshahara wa Leta. Kila mgomo tangu wakati ule, lazima mtu mmoja asimame na kusema "Mbudi". Vijana wapya wanadhani ni jina la mkubwa fulani.

Lakini nisiwe mzee wa kulia tu. Kabla ya 2011 mshahara ulikuja na mtu, ndani ya gunia. Ulipanga mstari, ukasaini kiasi kilichoandikwa, ukapokea kiasi kingine. Tofauti ilikuwa safari ya mlipaji, karatasi, chai, na watumishi waliokufa zamani ambao bado walikuwa wanasaini vizuri sana. Benki ilipokuja mengi ya hayo yalikatika. Mwezi wa kwanza nilipewa na mashine pesa kamili, nikahesabu mara mbili nikifikiri imekosea.

Saa za kazi? Nafika saa moja kamili, kwa sababu nimezoea. Karatasi tunanunua wenyewe, kila mtu anachanga. Umeme ukikatika tunahamia chini ya muembe na madosie (mafaili) yetu. Saa sita tunakwenda. Si uvivu, hakuna kitu cha kufanya: mwananchi anakwenda pale muhuri ulipo, na kwetu hakuna muhuri wa kuuza.

Sheria inanipeleka nyumbani kwa miaka 65, au 35 ya kazi. Nimepita vyote viwili. Bado naenda, maana nikitoka bila zile pesa za kumaliza kazi, mshahara unakatika na pensheni inabaki kwenye dosie. Na mimi nikikaa kwenye kile kiti, mdogo wake Mwana_Katuba anabaki N.U. Mnaona? Sisi wawili tunafungiana mlango, na hatujuani.

Mtu_wa_Sekta

Niwaletee habari nyingine kidogo, kwa sababu watu wanasema "Leta" kama vile ni mfuko mmoja.

Natumika kwa sekta (eneo la utawala la kijijini) yenye mgodi, si mbali na mji. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya royalti, ile pesa kampuni inalipa kwa madini inayochimba, hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 entite (sekta au komini) ya mahali mgodi ulipo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo 15 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya entite. Maana yake ni kwamba sekta ya porini yenye shimo moja kubwa inaweza kulipa kuliko komini ya katikati ya mji yenye watu laki kadhaa na hakuna shimo. Mimi, mwenye mkataba wa juzijuzi, napokea zaidi ya shefu wa biro mwenye miaka ishirini mjini. Mzee, nisamehe.

Kasoro zipo. Sina matrikule, mkataba ni wa mwaka mmoja, mkuu akibadilika nasi tunabadilika. Februari 2025, serikali iliposimamisha kobalti isitoke nje, kwetu mwezi ule ulikuwa mrefu. Kazi: masaa tisa kila siku, na mafundi wa mgodi wakija kupima mpaka wa shamba la mtu, hata Jumapili.

Kivu_Yetu

Nasoma hapa nikiwa Goma. Benki zilifunga Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Mshahara wa Leta, kwa anayeupata, unapita kwenye simu au kwa ndugu aliye mahali pengine, na kila mkono unabakisha chake. Mnapolalamikia mstari wa benki, sisi tunautamani. Saa za kazi sitasema.

Mwana_Katuba

Pole sana, ndugu wa Goma.

Nimewasomea nyumbani, Baba alikuwepo. Mimi nilikuwa nauliza saa ngapi na kiasi gani kama vile ni maswali mawili. Kwa mnavyosema, mtu anakaa kazini kadiri ya primu ya pale, na mshahara wenyewe unatoka kwa listingi. Kwa hiyo nimeacha kuuliza "ni kazi nzuri?" Sasa nauliza: hiyo komini ina muhuri gani, na nani anapeleka majina Kinshasa?

Mdogo wangu amejibu ataingia. Atakaa kwenye komini asubuhi, mchana atakuja kwangu dukani, nimemwekea asilimia kwa kila betri. Mama ameridhika, ameshaanza kumwita "shefu".

Mzee Kamalondo, swali la mwisho: ile barua ya kwanza ya kupewa kazi, burgumestri (mkuu wa komini) akisaini tu inatosha?

Mzee_Kamalondo

Haitoshi. Iwe na namba na tarehe, na iandikwe kwenye daftari la barua zinazotoka, aone kwa macho yake wanaiandika. Kisha apige kopi, akahakikishe moja imepokelewa divisheni ya jimbo, wampigie muhuri wa "imepokelewa" kwenye ile anayobaki nayo. Ya asili asimpe mtu yeyote, hata akija anayesema anakwenda Kinshasa kesho. Hasa huyo.

Ticha_Ruashi

Na jina liwe lilelile kwenye diploma, kadi ya mpiga kura na barua. Herufi moja ikikosekana ni miaka mitatu, nimeona.

Dada_wa_Kenya

Akuje na kiti yake.