Lindbergh, Sarton au Salme: kipi tukisome?

BintiMvita
Asalaam aleikum. Nimekirudia Gift from the Sea cha Anne Morrow Lindbergh (1955), na utamu wake haujapungua. Mama wa watoto watano, mume maarufu dunia nzima, akajitenga Captiva, Florida, akawa kila akiokota kome hupata la kujiuliza juu ya maisha yake. Kikundi chetu hapa Kibokoni twatafuta kitabu kimoja cha aina hii. Wenzangu wataka Journal of a Solitude cha May Sarton (1973). Mwasemaje?

Mpwani_Likoni
Lindbergh. Ni chembamba, chasomeka hata ukingoja feri. Na ile sura ya chaza! Ndoa ya watu wa makamo: gamba limejaa mapembe, limeng'ang'ania mwamba, uzuri halina lakini halibanduki.

MamaSururu
Shoga, Lindbergh alikwenda kupumzika tu, kisha akarudi kwake. Sarton aliishi peke yake hasa, kijiji cha Nelson, New Hampshire. Ana hasira, ana huzuni, kisha aingia bustanini. Kitabu chake cha awali kuhusu nyumba ile kiliwapa watu picha ya raha tupu, ndipo akaandika hiki kuwatoa makosani. Kwetu mjane yuko eda na bado kila alasiri wageni wamejaa ndani. Huyu hata wa kumbishia hodi ni nadra, na akija mtu alalamika kakatizwa kazi! Nilicheka, kisha nikamwonea wivu.

Mzee_wa_Kuze
Na wa kwetu mmemtupa? Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja, alichapisha kumbukumbu zake 1886. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Akatoroka Unguja 1866. Miaka minne baadaye mumewe Mjerumani akafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, akabaki ugenini na watoto watatu wadogo.

BintiMvita
Kweli, mzee wangu, ila kumbukumbu zile zaidi ni za majumba ya Unguja. Machungu ya Ujerumani yamo katika barua zake, zilizotoka baada ya kufa kwake.

Mzee_wa_Kuze
Basi someni barua, mwanangu.

MamaSururu
Hapo sina ubishi. Sarton mwekeni mpaka kusi iingie, si kitabu cha kusoma na joto hili.

Mpwani_Likoni
Na Lindbergh?

BintiMvita
Huyo nakuazima wangu. Usinikunjie kurasa.