Mama anasimama lakini hatembei baada ya kiharusi, nimsaidieje?

Mwana wa Kadutu: Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Mama yangu ana miaka 61. Wiki saba zilizopita kiharusi kilimpata, upande wa kushoto ukalegea. Tulirudishwa nyumbani na dawa za tansyo, yaani shinikizo la damu. Mkono bado, ila mguu umeanza kuamka. Akisimama anaegemea wa kulia peke yake, na akijaribu kupiga hatua vidole vya kushoto vinakwaruza chini. Juzi alianguka karibu na kitanda, sasa anasema afadhali akae. Na Kadutu, hapa Bukavu, mnapajua: kutoka mlangoni mpaka barabarani ni ngazi za udongo na mawe, kaka zangu wanambeba mgongoni. Nimwache apumzike kwanza apate nguvu, au nimlazimishe kutembea?

Mama Furaha: Pole sana mwanangu. Msimlaze. Mume wangu tulimlaza miezi mitatu kwa huruma, goti likakaza, kisigino hakigusi chini tena. Nalia mpaka leo.

Kine wa Nguba: Pole dada. Mimi ni kine, mazoezi ya viungo ndiyo kazi yangu. Kabla ya kutembea, mrudishie kuinuka. Tafuta kiti kigumu, kirefu kidogo, kiegemee ukuta kisiteleze. Nyayo zote mbili zilale chini, zirudi nyuma kidogo ya magoti. Mama ainame mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo ainuke. Kisha akae polepole, asijiangushe. Mara tano, apumzike, mara tano tena, asubuhi, mchana na jioni. Ubongo unajifunza upya kwa kurudiarudia. Ukiona mguu wa kulia unafanya kazi yote, usogeze huo mbele kidogo: wa kushoto utalazimika kubeba.

Akizoea, asimame mbele ya meza, ahamishie uzito kushoto, kisha kulia. Wewe kaa upande wake wa kushoto, nyuma kidogo. Mfunge kitenge kiunoni upate pa kushika. Mkono uliolegea usiuvute kabisa, bega linatoka mahali pake.

Bahati80: Sisi shangazi tulimkanda kwa maji ya moto na mafuta kila jioni, akapona. Jaribuni.

Kine wa Nguba: Bahati, kumkanda taratibu sikatai, kunamfariji. Ila upande ule huenda hausikii joto: mnaweza kumuunguza na asijue. Maji yajaribiwe kwanza kwa mkono wa mtu asiye mgonjwa.

Mama Furaha: Na hivyo vidole vinavyokwaruza?

Kine wa Nguba: Kandambili aache, avae kiatu kilichofungwa kisigino. Kuna pia kifaa cha kushikilia kifundo ili unyayo usianguke. Ulizeni kituo cha Heri Kwetu hapa Bukavu, wamezoea kuhudumia watu wenye ulemavu. Lakini apimwe mwenyewe, msiazime cha jirani. Fimbo aishike mkono wa kulia, ule mzima. Wengi wanakosea hapo, wanampa upande mgonjwa.

Ngazi ni baadaye, akishatembea vizuri pa tambarare. Akipanda, mguu mzima utangulie. Akishuka, utangulie mgonjwa.

Mzee wa Essence: Dawa za tansyo msizikate hata akijisikia mzima. Mimi nilizikata, kiharusi kikarudi. Mdomo ukipinda tena au maneno yakipotea, hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.

Mwana wa Kadutu: Asanteni sana wote. Leo ni siku ya tisa. Asubuhi mama ameinuka mara nne bila mimi kumgusa. Ya tano nilishika kitenge. Alicheka, sijamsikia akicheka tangu siku ile. Kaka ameshapigilia mti wa kushikia kwenye ngazi za kwanza, uko kulia akishuka. Lakini akipanda utakuwa kushoto, kwenye mkono usioshika. Tufanyeje?

Kine wa Nguba: Pigilieni na upande wa pili. Mti usiyumbe, na ufike chini kabisa hadi ngazi ya mwisho.

Mwana wa Kadutu: Anautafuta wa pili sasa hivi.