Ngiri ya kinena na tezi dume: kipi kitangulie?

Mkaazi wa Wete
Assalaam alaykum. Mzee wa miaka 71 ana ngiri ya kinena upande wa kulia. Akilala hurudi ndani. Usiku huamka mara nne, na mkojo hautoki mpaka ajikakamue. Ameandikiwa upasuaji wa ngiri. Jee, haya mawili yana uhusiano?

Tabibu_Kisiwani
Waalaykum salaam. Yana uhusiano, lakini msiitwike tezi dume mzigo wote. Ikikua hubana njia ya mkojo, mzee husukuma kwa misuli ya tumbo, na nguvu ile huangukia penye ukuta dhaifu, yaani kinena. Kwa umri huo ukuta umeshalegea wenyewe. Kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na kubeba magunia ya karafuu huzidisha.

Mkojo ushughulikiwe mwanzo. Baada ya ganzi ya mgongo kibofu huchelewa kuamka, na mwenye tezi kubwa huweza kuziba kabisa hadi atiwe mpira wa mkojo. Akijikakamua juu ya mshono mbichi, ngiri inaweza kurudi. Mkojo upimwe vijidudu na vitibiwe kabla ya kutiwa wavu wa kuzibia ngiri. Pia apimwe kriatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na ultrasaundi ya mkojo unaobaki kibofuni akishakojoa.

Dawa ya kulegeza njia ya mkojo inayoandikwa sana ni tamsulosini miligramu 0.4, mara moja kwa siku baada ya chakula. Asiinuke kwa ghafla, maana kizunguzungu huangusha wazee. Ikiwa anangojea kupasuliwa mtoto wa jicho, daktari wa macho aambiwe kabla hajaianza. Finasteride, dawa ya kupunguza tezi, ni ya pole pole, kama miezi 6, na hushusha kipimo cha PSA (cha damu, cha kuchunguza tezi) karibu nusu. Hicho kipimwe kabla.

Bin_Mkoani
Muulizeni pia: akishamaliza kukojoa, akiibonyeza ngiri, mkojo unatoka tena?

Na istibraa, yaani kuhakikisha mkojo umekwisha kabla ya kujitwaharisha. Wengi hujikohoza na kusukuma ili tone la mwisho litoke, na huko ndiko kuitoa ngiri nje. Atulie kidogo, kisha akande kwa vidole nyuma ya korodani kuelekea mbele, mara mbili tatu. Tone hutoka bila ya tumbo kukazwa.

Mkaazi wa Wete
Akiibonyeza hutoka kidogo, kweli.

Tabibu_Kisiwani
Basi huenda kipande cha kibofu kimeingia ndani ya ngiri. Mpasuaji ajue mapema, asije akakikata akidhani ni mfuko wa ngiri. Ultrasaundi ipite kinenani pia, kibofu kikiwa kimejaa na tena kikiwa kitupu.

Hii ngojangoja ni ya ngiri inayorudi. Ikigoma, ikawa ngumu na kuuma, akatapika au tumbo likajaa na upepo hautoki, msiisukume kwa nguvu wala msingoje boti ya asubuhi kwenda Unguja. Asile wala asinywe, apelekwe saa ile ile hospitali yenye chumba cha upasuaji hapo hapo Pemba. Utumbo ulionyongwa hufa kwa saa chache. Tezi itangoja.